Studio sita, taa moja

Nilipokuwa Marekani niliwahi kufanya kibarua cha usiku kwenye kampuni moja ya redio, ambayo jina lake naliacha. Sikuwa mtangazaji. Kazi yangu ilikuwa kuangalia mitambo isizime, kujaza daftari la zamu, na kumwamsha fundi kwa simu mnara ukigoma. Jengo lilikuwa na korido ndefu yenye studio sita, kila moja na jina lake mlangoni na rangi zake: ya kantri, ya roki, ya vijana, ya mazungumzo, ya nyimbo za zamani, ya nyimbo za mapenzi. Mjini watu walibishana ipi ni kali. Kuna waliobandika stika ya moja kwenye gari na kuiponda nyingine kama wanavyofanya mashabiki wa mpira.

Ukiipita korido ile saa nane za usiku, milango mitano ilikuwa giza. Ndani yake kompyuta zinanguruma kidogo, vitaa vya kijani vinapanda na kushuka, na zile redio "zinazoshindana" zinaendelea bega kwa bega, zote za tajiri mmoja. Studio ya sita ndiyo pekee iliyokuwa na taa, kwa sababu ndimo nilimokaa na thermosi yangu.

Jioni moja niliwahi kazini nikamkuta mtangazaji anarekodi kipindi cha asubuhi. Saa kumi na mbili jioni, anasema habari za asubuhi. Mbele yake ana karatasi ya mambo ya mji ambao hajaukanyaga: timu ya shule ya sekondari iliyoshinda wiki ile, barabara inayofunga magari, na namna ya kutamka jina la mto wao. Anasema sentensi mbili, anabonyeza kitufe, kompyuta inamrusha hadi mwisho wa wimbo unaofuata, anasema mbili nyingine. Kipindi cha saa nne kilikwisha ndani ya nusu saa. Aliniambia, huku anavaa koti, kwamba ana miji mitatu ya namna hiyo, na hakuna hata mmoja ambao akipata pancha atajua fundi yuko wapi.

Simlaumu. Sauti yake ilikuwa tamu, na alikuwa na uwezo wa kukufanya uamini kwamba ameamka na wewe. Wenzake waliokuwa wakikaa kwenye zile studio nyingine walishapunguzwa. Yeye alibaki kwa sababu alikubali kuwa watu watatu.

Kisa kingine cha jengo lile sijakisahau. Usiku mmoja redio ya nyimbo za mapenzi ilikwama kwenye tangazo la magodoro. Likiisha linaanza, likiisha linaanza. King'ora cha studio kazi yake ni kulia hewani pakiwa kimya, na tangazo la magodoro lina kila kitu isipokuwa ukimya. Nilikuja kulisikia kwa bahati nilipopita kwenda chooni, na daftari la kompyuta likaonyesha lilikuwa limeshacheza dakika arobaini. Nikajiuliza kwa nini hakuna msikilizaji aliyepiga simu. Baadaye nikagundua kuwa usiku simu ya studio ile ilikuwa inapokelewa na ujumbe uliorekodiwa.

Mambo haya yana tarehe yake ya kuzaliwa. Tarehe 8 Februari 1996, Rais Bill Clinton alitia saini sheria mpya ya mawasiliano. Kabla ya hapo kampuni moja haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya stesheni 40 nchi nzima, 20 za AM na 20 za FM. Sheria ile ilifuta kikomo cha kitaifa chote. Katika miji mikubwa ikaruhusu mmiliki mmoja kuwa na stesheni hadi nane, mradi zisizidi tano za AM au tano za FM. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba ushindani utaongezeka. Kilichoongezeka ni mauziano. Wenye stesheni moja moja, wengine waliorithi kwa baba zao, walipelekewa bei ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeikataa.

Aliyekula zaidi alikuwa Clear Channel wa San Antonio, Texas. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1972, na mwanzilishi wake Lowry Mays alitoka kwenye mambo ya benki na uwekezaji, si kwenye muziki. Sheria ilipopita ilikuwa na stesheni kama 40. Miaka michache ya mwanzo ya karne hii ilikuwa na zaidi ya 1,200. Mwaka 2003 Mays aliliambia jarida la Fortune bila kuzungushazungusha kwamba kampuni yake haiko kwenye biashara ya habari wala ya muziki uliotafitiwa vizuri, iko kwenye biashara ya kuwauzia wateja wake bidhaa. Watu walikasirika sana. Mimi nilimshukuru. Kwa miaka nilikuwa najiona mteja wa redio, kumbe mteja ni mwenye magodoro, na mimi ndiye ninayeuzwa.

Ukishalielewa hilo, hata nyimbo zinaeleweka. Watu hudhani meneja wa redio kubwa anachagua nyimbo mbaya kwa makusudi. Hachagui. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa hivi: mtu anapigiwa simu nyumbani, anachezewa sekunde kama kumi za kiitikio, anaulizwa anaupenda wimbo kiasi gani na kama ameuchoka. Kisha kingine, na kingine. Majibu yanaingizwa kwenye programu ya kupanga nyimbo, nayo inapanga wiki nzima. Sasa fikiria wimbo ambao mtu hajawahi kuusikia. Sekunde kumi, kupitia spika ya simu, mboga ziko jikoni. Atausemea nini? Wimbo mgeni hushindwa mtihani huu kwa sababu ni mgeni, na utaendelea kuwa mgeni kwa sababu umeshindwa.

Ndani ya programu zile kuna kanuni, na kanuni nazo huzaa kanuni. Kwenye redio za kantri ilizoeleka kutopanga waimbaji wanawake wawili mfululizo. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio hizo alilitetea jambo hilo hadharani kwa kusema wanaume ndio majani ya saladi na wanawake ni nyanya tu za kupambia. Zilipigwa kelele kweli. Nilichokiona mimi ni kwamba hakuonekana kuwa na chuki yoyote. Alikuwa anasoma jedwali.

Muziki unaofanana si msiba, mtu anaweza kuzima redio akalala. Cha Minot ni kingine. Minot ni mji mdogo wa North Dakota. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Januari 2002, yapata saa saba na nusu, treni ya mizigo ilianguka nje kidogo ya mji na wingu la amonia likatanda juu ya nyumba za watu. Mji ule ulikuwa na stesheni sita za kibiashara, zote sita za Clear Channel. Polisi walijaribu kuwafikia wa redio ili wananchi waambiwe wafunge madirisha na wasitoke nje, wakashindwa, na muziki ukaendelea. Mtu mmoja alifariki na mamia waliumia. Kampuni ilijitetea kwamba tatizo lilikuwa kwenye vifaa vya dharura vya upande wa polisi, na mabishano hayo yaliendelea kwa miaka. Mimi siingii kwenye ubishi wa vifaa. Niliposoma habari ile kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari nimeshakaa kwenye korido yangu, na niliiona Minot yote: studio sita, taa moja au hata hiyo hakuna, na simu inaita.

Sasa twende jukwaani, maana mwenye redio hakuridhika na redio. Mwaka 2000 Clear Channel iliinunua SFX, kampuni ya Robert Sillerman ambayo nayo ilikuwa imetumia miaka michache kuwanunua mapromota wa mji mmoja mmoja. Zamani kila mji mkubwa wa Marekani ulikuwa na promota wake, mtu wa pale pale, mara nyingi mkorofi, anayejua ukumbi upi una jiko la kuwapikia bendi na upi una meneja mlevi. SFX iliwakusanya. Dau la Clear Channel lilikuwa dola bilioni 4.4, madeni yakiwemo. Kwa hiyo nyumba moja ikawa na redio inayoupiga wimbo, promota anayeileta bendi, na ukumbi inamopiga. Wasanii walinong'ona kwamba ukikataa kupiga kwenye ukumbi wao wimbo wako unapotea redioni. Kampuni ilikana. Ila mtu akimiliki mlango na dirisha vyote, mgeni haambiwi apige hodi kwa adabu, anajua mwenyewe.

Mwishoni mwa 2005 biashara ya matamasha ilitengwa ikawa Live Nation. Upande wa redio ukanunuliwa na makampuni ya uwekezaji mwaka 2008 kwa mkopo mkubwa, na mkopo ule ukabebeshwa redio zenyewe. Mwaka 2014 jina likawa iHeartMedia. Machi 2018 wakaomba kinga ya mufilisi wakiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 20. Cumulus, mshindani wake, alishatangulia huko Novemba 2017. Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba studio zile zilizimwa taa kwa sababu ya intaneti peke yake. Intaneti iliuma, ndiyo. Lakini mtangazaji wa usiku hakufukuzwa na simu za vijana. Mshahara wake uliingia kwenye riba.

Upande wa Live Nation ndiko kulikonoga. Mwaka 2010 iliungana na Ticketmaster, kampuni kubwa ya kuuza tiketi, na Wizara ya Sheria ikakubali kwa masharti. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba Live Nation ilikuwa imeanza kuuza tiketi zake yenyewe mwaka 2009, yaani mshindani mmoja wa maana alikuwa ndiyo kwanza amezaliwa, akaolewa.

Hapa inabidi niseme kinachonikera kwenye ghadhabu za mashabiki, nami nikiwemo. Tunapoona ada ya huduma imepanda hadi inakaribia kuwa tiketi ya pili, tunamtukana muuza tiketi. Lakini tangu zamani za Fred Rosen, aliyeichukua Ticketmaster miaka ya 1980, ustadi wa biashara ile ni kwamba sehemu ya ada hurudi kwa ukumbi. Ukumbi husaini mkataba wa kuuza tiketi kwa kampuni moja tu kwa miaka kadhaa, na mara nyingi hupewa kitita mkononi siku ya kusaini. Muuza tiketi, pamoja na mapato yake, analipwa pia kwa kukubali kutukanwa. Ndiyo maana kumhama ni shida: unayetaka ahame ndiye anayekula.

Bendi ya roki ya Pearl Jam walijaribu. Mwaka 1994 walitaka tiketi isiyozidi dola 20 na ada isiyozidi dola 1.80, wakapeleka malalamiko Wizara ya Sheria, na wawili wao wakatoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi. Mwaka 1995 walifanya ziara wakikwepa kumbi zenye mikataba ya Ticketmaster, wakaishia kwenye viwanja vya maonyesho na sehemu zisizozoea tamasha. Mwaka huohuo wizara ikafunga faili. Kama bendi iliyokuwa miongoni mwa zilizouza zaidi duniani wakati ule ilichoka, kijana mwenye gitaa lake na nyimbo saba afanye nini? Yeye ana adha zake: kuna vifungu vya mikataba vinavyomkataza kupiga karibu na mji wa tamasha kwa wiki kadhaa kabla na baada, hivyo siku moja ya kulipwa inafuta siku tano za kumbi ndogo.

Zikaja siku za Novemba 2022, mauzo ya tiketi za Taylor Swift yakakwama, Seneti ikaita kikao Januari 2023, na Mei 2024 Wizara ya Sheria pamoja na majimbo mengi ikafungua kesi ya kutaka Live Nation na Ticketmaster watenganishwe. Hati ya mashtaka ilidai kwamba takriban asilimia 80 ya tiketi za kumbi kubwa zinapita kwenye mkono mmoja. Nilifurahi, lakini sikuruka. Kesi inaweza kuwatenga mabwana wawili. Haiwezi kumweka mtu studioni saa nane za usiku.

Waliojaribu kumweka mtu huyo ni wengine kabisa, na wengi wao walianza kwa kuvunja sheria. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Springfield, Illinois, Mbanna Kantako, mtu mweusi asiyeona, alianza kurusha matangazo kutoka kwenye nyumba yake katika makazi ya umma. Mtambo wake ulikuwa wa wati kama moja. Taa ya chumbani kwako inakula kuliko hiyo. Ilitosha kwa majirani, naye majirani ndio aliokuwa anaongea nao, hasa kuhusu polisi. Tume ya mawasiliano, FCC, ilimwamuru afunge na kumpiga faini. Hakufunga. Wengine wakamuiga mji baada ya mji, mpaka Januari 2000 tume yenyewe ikasalimu amri kwa namna yake na kuanzisha leseni za FM za nguvu ndogo: wati 100, zisizo za biashara, kwa mashirika, shule na makanisa ya mahali husika. Wati 100 hufika kilomita tano na ushei.

Wakubwa walilia kwamba redio hizi ndogo zitawavurugia masafa, na, kwa aibu yake, hata redio ya umma NPR ililia pamoja nao. Desemba 2000 Kongresi ikazifungia nje ya miji mingi. Utafiti uliofanywa kwa agizo la Kongresi yenyewe ulitoka 2003 ukaonyesha mwingiliano wa maana haupo. Ilichukua hadi Januari 2011 kwa sheria kurekebishwa, na hadi 2013 kwa dirisha la maombi kufunguliwa mijini. Miaka kumi na mitatu kwa wati mia.

Katikati ya subira hiyo kundi la Prometheus la Philadelphia, lenye watu waliotoka kwenye redio za magendo, lilikuwa likienda mahali penye leseni na kufanya msaragambo: Ijumaa wanakuja mafundi na wasiojua hata kushika koleo, Jumapili jioni redio inaanza kusikika. Desemba 2003 walifanya hivyo Immokalee, Florida, kwa wafanyakazi wa mashamba ya nyanya waliokuwa wakipigania malipo yao. Radio Conciencia ilizungumza Kihispania, Krioli ya Haiti na lugha za asili za Guatemala na Meksiko, lugha ambazo hakuna utafiti wa simu uliowahi kuwauliza wasemaji wake wanapenda kiitikio gani. Nyanya nazo zikapata redio yao.

Kuna waliofika mbali zaidi. WFMU, iliyoanza 1958 kama redio ya chuo, ilibaki hai chuo chenyewe kilipokufa mwaka 1995. Inaishi kwa michango ya wasikilizaji, na watangazaji wake wanacheza wanachotaka. KEXP ya Seattle imekua hadi ikavuka na kwenda San Francisco mwaka 2024. Kwa upande wa kumbi, ukumbi wa 924 Gilman Street huko Berkeley umeendeshwa na watu wa kujitolea tangu mwisho wa 1986, na bendi ya Fugazi kwa miaka walishikilia tiketi ya karibu dola 5 na mlango wazi kwa kila umri. Walifanya hivyo kwa njia ambayo haina siri: walijipangia safari wenyewe, walikataa vitu vingi, na walibeba vyombo wenyewe.

Nisije nikawapamba sana. Redio ndogo zinachosha. Nimesikiliza saa nzima ya mtu akigonga sufuria. Wiki ya kuchangisha fedha ni kama kukaa na mjomba anayekudai. Mikutano yao ni mirefu, na mwenye kipindi cha miaka ishirini hafukuziki hata kama amebaki na wasikilizaji wanne, watatu wakiwa ndugu zake.

Mimi niliingia kwenye moja ya hizo baada ya kuacha kibarua. Ilikuwa chini ya kanisa, chumba chenye bomba la maji moto linalopita juu ya mixa, na ndoo chini yake. Walinipa Alhamisi usiku. Mji ule ulikuwa na familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo, kwa hiyo nilitangaza nusu Kiingereza, nusu Kiswahili, na nyimbo nilizileta mwenyewe kwenye begi, nyingine santuri za zamani zilizokwaruzika. Kwa mwezi wa kwanza simu haikulia. Nilikuwa nasema "karibuni mpige" kwa sauti ya mtu anayealika ukuta.

Alhamisi ya tano niliweka santuri, nikatoka kwenda kumwaga ile ndoo. Mlango wa nyuma ukajifunga. Nikazunguka jengo zima kwenye baridi, nikashuka ngazi mbio, na nilipofika chumbani simu ilikuwa inaita.

"Wewe ndiye mtoto wa redio?" Sauti ya mama mtu mzima.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mwimbaji wako amekwama. Anasema neno moja tu tangu nimeweka maji ya chai jikoni, na sasa yamechemka."

Nikasikiliza. Kweli, alikuwa amekwama. Nikamwomba radhi, nikanyanyua sindano.

"Usimtoe," akasema. "Mrudishe mwanzo. Alikuwa anaimba vizuri."